"Zanzibar ina herufi nane, nimeandika nane": dhana potofu za wanaoanza lugha ya programu ya C

Wiki hii nimeambiwa tena. Kijana kafungua laptop mbele yangu, kidole kwenye skrini: "Mwalimu, Zanzibar ina herufi nane, na mimi nimeandika nane. Kosa langu liko wapi?" Mistari yake ilikuwa hii:

char a[8] = "Mombasa";
char b[8] = "Zanzibar";

Alipochapisha a, Mombasa ilitoka safi. Alipochapisha b, skrini ikaleta ZanzibarMombasa.

Dhana: char b[8] hubeba neno la herufi nane

Hubeba la herufi saba. Nimelisema hili mara nyingi hata nalisema usingizini.

C haina aina ya data ya maandishi kama ile uliyoizoea kwenye Python. Ina safu ya char, yaani vyumba vilivyopangwa, kila kimoja cha baiti moja (ile 8 kwenye mabano ni idadi yake), basi, pamoja na makubaliano kwamba maandishi yanaishia kwenye baiti yenye thamani sifuri, yaani '\0'. (Si tarakimu '0', ambayo kwenye ASCII, orodha ya namba za herufi, ni 48. Hilo nalo huniletea wageni kila muhula.) printf, amri ya kuchapisha, haijui safu yako ina ukubwa gani. Inapewa anwani ya herufi ya kwanza, kisha inatembea ikichapisha mpaka ikutane na sifuri. Mombasa ina herufi saba, kwa hiyo sifuri ilipata chumba cha nane. Zanzibar ilijaza vyumba vyote nane, sifuri ikakosa pa kulala. printf ikapitiliza hadi kwa jirani, na siku hiyo jirani alikuwa Mombasa. Kwenye mashine nyingine ungeona takataka, au programu ingekufa, au ingeonekana nzima kabisa mpaka siku ya kuikabidhi. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote.

"Mbona kompaila, programu inayotafsiri mistari yako kwa mashine, haikukataa?" Kwa sababu sheria za C zinaruhusu sifuri ya mwisho iachwe nafasi isipotosha. C++, lugha iliyotokana na C, ingekataa mstari uleule. Dennis Ritchie, aliyeiunda C pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, miaka ya mwanzo ya 1970, alieleza kwamba alama ya mwisho ilichaguliwa badala ya kuhifadhi urefu wa neno, kwa sehemu ili urefu usibanwe na hesabu ya kutosha baiti moja tu. Uamuzi ule ulikuwa na maana yake. Bili tunalipa sisi.

Dawa yangu ni ya kizamani: chukua daftari la hesabu, lile la miraba, andika herufi moja kila mraba, na mraba wa mwisho uandike \0. Mwanafunzi akichora ZANZIBAR mara moja kwa mkono wake, hasahau. Na kama neno unalijua tangu mwanzo, acha mabano wazi: char b[] = "Zanzibar"; kompaila itahesabu tisa yenyewe. Unajivunia nini kuhesabu kwa vidole?

Dhana: scanf("%s") husoma jina zima

scanf ni amri ya kusoma kinachoandikwa kwenye kibodi, na %s huishia kwenye nafasi ya kwanza. Ingiza Dar es Salaam. Utapata Dar. "es Salaam" inabaki ikisubiri, na scanf inayofuata, uliyodhani itasoma umri, inajikwaa hapo. Tumia fgets, inayosoma mstari mzima, kisha ondoa alama ya mstari mpya inayobaki mwishoni. Na gets, ndugu yake wa zamani, usiiguse, hata kama noti za kaka yako zinayo. Haiulizi nafasi ni kiasi gani. Mnyoo wa Morris wa Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, ulipenya kwenye mashine kwa kupitia udhaifu huohuo, na gets iliondolewa rasmi katika C11, toleo la 2011 la sheria za C.

Dhana: maneno hulinganishwa kwa ==

Hapo unalinganisha anwani, yaani unauliza kama nyumba ni ileile, wakati ulitaka kujua kama wakazi wanafanana. Tumia strcmp, ukikumbuka kwamba yakiwa sawa inarudisha 0. Ukiandika if (strcmp(a, b)) umegeuza jibu, maana kwa if, 0 ni "hapana".

Dhana: int ni baiti nne popote

int ni aina ya namba kamili. Kwenye laptop yako, ndiyo. Sheria inadai biti 16 tu, yaani baiti mbili. Kwenye Turbo C, kompaila ya zamani yenye int ya biti 16, ambayo baadhi ya vyuo bado wanaing'ang'ania, weka 50000 kwenye int na utaona -15536.

Dhana: float ndiyo ya pesa

Weka shilingi 16777217 kwenye float, aina ya namba za desimali, ya kawaida ya biti 32, kisha uichapishe. Itatoka 16777216. Shilingi moja imeyeyuka kabla hujajumlisha chochote. Hesabu kwa senti, ndani ya long long, aina ya namba kamili kubwa.

Dhana: strlen huhesabu herufi

Huhesabu baiti mpaka kwenye sifuri. Andika "ng'ombe" kwa kibodi ya kompyuta, utapata 7. Linakili neno hilohilo kutoka kwenye simu iliyoweka ile alama iliyopinda, ’, na utapata 9, maana kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, alama hiyo peke yake inachukua baiti tatu. Yule kijana wa Zanzibar nilimwonyesha hili akiwa tayari amesimama kuondoka. Alivuta kiti, akakaa tena, akaomba daftari la miraba.