Wosia Haukusemei Ukiwa Hai

"Wosia nimeshaandika, kwa hiyo upande wa sheria nimemaliza." Kauli hii nimeambiwa tena juma lililopita na mstaafu anayejiandaa kuondoka Uingereza kwenda kuishi peke yake Ureno. Kazi yangu ni kuwashauri wastaafu wanaohamia nje, na sijapata kusikia kosa lenye madhara makubwa kama hili likisemwa kwa amani ya moyo namna hii. Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu kosa hilo: kudhani kwamba wosia utakusaidia ukiwa hai lakini huwezi tena kujiamulia.

Viza, kodi na bima nitazipita haraka, maana hizo kila mtu huziuliza. Pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi mwaka hadi mwaka kwa mstaafu anayeishi Kanada au Australia. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, isipokuwa katika hali chache, hailipii matibabu nje ya nchi hiyo. Mambo haya yanauma, lakini yanamkuta mtu akiwa na akili zake timamu, anayeweza kupiga simu, kulalamika na kubadili mipango.

Wosia huanza kufanya kazi mtu akishafariki. Kabla ya hapo ni karatasi iliyofungiwa kabatini, isiyompa yeyote ruhusa ya kulipa hata bili ya umeme. Sasa mfikirie mtu anayeishi peke yake ambaye anapatwa na kiharusi usiku, anaokolewa, kisha anakaa hospitalini miezi minne bila kuweza kuzungumza wala kutia saini. Mwenye nyumba anadai pango. Kibali cha ukaazi kinakaribia kwisha. Daktari anataka kujua kama mgonjwa angekubali kupasuliwa. Kwenye sanduku la barua kuna fomu ya kuthibitisha kwamba mlipwaji wa pensheni yu hai. Social Security, idara inayolipa pensheni ya serikali ya Marekani, huwatumia dodoso la namna hiyo wengi wa wanaolipwa wakiwa nje, na lisiporudishwa malipo husimamishwa, hivyo mtu aliye hai kabisa anaweza kukatiwa kipato kwa kukosa wa kumfungulia bahasha. Mwenye mwenzi hayuko salama kisheria kama anavyodhani, lakini angalau yupo mtu mwenye ufunguo wa nyumba, anayejua nani apigiwe simu. Simshawishi mtu aache kuishi peke yake. Wengi ninaowahudumia wamelea, wameuguza na wamezika, na utulivu wanaoutafuta ni haki yao. Ninachotaka ni utulivu huo usibomolewe na jambo ambalo lingezuilika kwa saini mbili.

Wapo wanaonijibu kwamba hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine kuamua na kutia saini kwa niaba yao, wanayo, na hapa ndipo subira inaponiishia. Hati ipi? Katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hukoma pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani inazimika saa ileile uliyodhani itakusaidia. Inayohitajika ni ile ya kudumu, inayoendelea kutumika hata uwezo huo ukipotea. Kwa England na Wales, aina inayotolewa sasa ilianza tarehe 1 Oktoba 2007 chini ya sheria ya uwezo wa akili ya mwaka 2005: fedha na mali zina hati yake, afya na matunzo yana nyingine, na hakuna inayotumika kabla ya kusajiliwa. Nakutana mara kwa mara na watu waliosajili ya fedha wakaiacha ya afya. Kwa mtu wa peke yake ningeanza na ya afya, kwa sababu benki inaweza kusubiri na daktari hawezi. Social Security, kwa upande wake, haitambui hati ya uwakilishi hata iwe imeandikwa vizuri namna gani. Huteua yenyewe mtu wa kupokea malipo kwa niaba yako, ingawa tangu 2020 inakuruhusu kupendekeza mapema majina yasiyozidi matatu.

Hati ikivuka mpaka, swali hubadilika. Upo Mkataba wa The Hague wa tarehe 13 Januari 2000 kuhusu ulinzi wa kimataifa wa watu wazima, ulioanza kutumika 2009. Kwa mujibu wake, uhai na upana wa hati yako huamuliwa na sheria ya nchi uliyokuwa ukiishi ulipoitoa, isipokuwa kama umechagua kwa maandishi sheria nyingine, kwa mfano ya uraia wako. Lakini namna ya kuitumia hufuata sheria ya nchi inapotumiwa. Ureno ni mwanachama. Uingereza imeuridhia kwa ajili ya Scotland pekee. Thailand, inayopendwa sana na wastaafu, si mwanachama. Hata palipo na mkataba, karani wa benki aliyeletewa hati ya kigeni hana wajibu wa kuujua kwa moyo, naye hukataa kwanza na kuuliza baadaye. Kwa hiyo mimi hupendekeza hati ya pili, iandikwe kwa lugha ya nchi mpya na mbele ya mthibitishaji wa huko, yaani ofisa wa sheria anayethibitisha hati, mradi mwanasheria mmoja azisome zote mbili: sentensi moja ya kufuta hati zote zilizotangulia inaweza kuiua ile ya kwanza bila mtu kugundua.

Ninalolikosea usingizi ni la nani atajwe. Zamani nilisema ndugu, bila kusita. Siku hizi sisemi hivyo, kwa kuwa ndugu aliye mbali hufika baada ya maamuzi kufanyika, na jirani mwema wa miaka miwili bado ni mtu wa miaka miwili. Halafu kuna lugha. Baadhi ya wanaougua usahaulifu wa uzeeni hupoteza lugha waliyojifunza ukubwani wakabaki na ya mama, kwa hiyo mtu anaweza kuonekana hana uwezo wa kuamua kumbe hana tu maneno ya Kireno. Huwaandikia wateja wangu kwamba wapimwe kwa lugha yao, mkalimani akiwapo, lakini sina hakika kwamba hospitali yenye shughuli nyingi itausoma mstari huo.

Yule mstaafu nilimuuliza ni nani atakayekaa na ufunguo wa pili wa nyumba yake mpya. Hakuwa na jina la kunipa. Tumekubaliana kwamba tiketi ingoje mpaka hati ya afya isajiliwe, na usajili huo huchukua wiki kadhaa. Katika muda huo ataenda Ureno mara moja kwa matembezi, akamtafute mtu huyo.