Takwimu za unene: kabla ya kulinganisha Mombasa na Kwale

Kila takwimu za afya zinapotoka, hapa Mombasa tunaulizwa swali lile lile: je, sisi tumenenepa kuwashinda wenzetu wa Kwale na Tana River? Ni swali la haki, lakini jibu lake linategemea watu walivyopimwa.

Kipimo kikuu ni BMI: kilo za mtu zigawanywe kwa urefu wake wa mita, mara mbili mfululizo. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Hesabu ni nyepesi, ila haisamehi uzembe. Mchukue mama wa kilo 78, urefu sentimita 160. BMI yake ni 30.5. Mpime na ndara zenye soli ya sentimita 2, inashuka hadi 29.7, na papo hapo ameondoka kwenye hesabu ya unene uliokithiri. Fundo la nywele chini ya mtandio hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mama anahitaji chumba cha faragha na mpimaji mwanamke, afungue nywele bila haya, avue viatu na buibui. Mimi hili nalihesabu kuwa sehemu ya kipimo chenyewe, wala si hisani.

Kwingine watu hawapimwi kabisa. Marekani, takwimu za majimbo hutokana na mahojiano ya simu, na mtu akiulizwa hupenda kujiongezea urefu na kujipunguzia kilo. Kiwango hutoka chini kuliko hali ilivyo.

Kisha kuna umri. Utafiti wa KDHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Kenya) wa 2014 ulipima wanawake wa miaka 15 hadi 49. Asilimia 33 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Ule wa STEPS (utafiti wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza) wa 2015, uliochukua watu wa miaka 18 hadi 69, ulipata asilimia 38.5 kwa wanawake. Msidhani kina mama walinenepa ghafla ndani ya mwaka mmoja! Mmoja uliwahesabu wasichana wa shule, mwingine uliwaingiza kina nyanya.

KDHS hiyo hiyo ilikuta asilimia 43 mijini na 26 mashambani. Mombasa yote ni mji, Kwale sehemu kubwa ni mashamba. Kwa hiyo ukizilinganisha kaunti hizi, kwa kiasi kikubwa unalinganisha tuktuk na jembe, kazi ya kukaa dukani na kazi ya kuinama.

Kwa ndugu zetu wenye asili ya Asia, madhara huanza kwenye BMI ya chini zaidi; tangu 2004 Shirika la Afya Duniani limependekeza hatua zichukuliwe kuanzia 23 (hatari imeongezeka) na 27.5 (hatari kubwa).

Ukienda kliniki, omba upimwe na kiuno. Utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, baada ya kushusha pumzi. Hatari huongezeka mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume 94, hata kama BMI yake haijafika 30.