Gabrieli: jina la malaika, maana yake nguvu

Wazazi wengi wanaomwita mtoto Gabrieli hukwambia wamelichagua kwa sababu ni jina la malaika, tena jina la upole. La malaika ni kweli. Upole ndio wenye walakini, kwa sababu jina lenyewe linataja nguvu, na mwenye jina hilo katika Maandiko alikuwa akiwatisha watu karibu kila alipotokea.

Asili yake ni Kiebrania, Gavriel. Ndani yake mna gever, yaani mwanamume hodari, na El, yaani Mungu. Katikati imebaki i, na hiyo ndiyo inayowagawa wafasiri. Anayeihesabu kuwa na maana ya "yangu" atakuambia jina ni "Mungu ni nguvu yangu". Anayeiona kuwa kiungo tu atasema "mtu hodari wa Mungu". Mimi naegemea hii ya pili, kwa sababu Kitabu cha Danieli chenyewe kinaelekea huko: katika sura ya 8 Danieli anaona mfano wa gever umesimama mbele yake, na mstari unaofuata sauti inamwita huyo Gabrieli.

Mzizi huo tunao Waswahili pia, ila umetufikia kwa njia ya Kiarabu, ambako g imekuwa j. Jabari, mtu shujaa asiyetishika, ni wa ukoo huo. Al-Jabbar, mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, ni wa huko huko, na kina Jabiri wa Mombasa na Unguja nao wamo. Hata aljebra, inayowatoa jasho wanafunzi wa sekondari, imetoka kwenye shina hilo.

Sasa tumtazame mwenye jina. Danieli alipomwona aliogopa, akaanguka kifudifudi. Katika Injili ya Luka, kuhani Zakaria alimkuta kando ya madhabahu ya kufukizia, akahofu; na alipotaka uthibitisho kwamba mkewe mzee angepata mtoto, akajibiwa, "Mimi ni Gabrieli, nisimamaye mbele za Mungu," kisha akafungwa ulimi mpaka mtoto alipozaliwa na kupewa jina la Yohana. Kwa Maria kule Nazareti alikwenda na salamu, na hata hapo ilibidi amwambie asiogope. Salamu hiyo Wakatoliki wanayo mdomoni kila siku: maneno ya mwanzo ya "Salamu Maria" ni ya Gabrieli.

Waislamu wanamjua kwa jina la Jibrili, na simulizi la pango la Hira, nje ya Makka, halina upole zaidi. Mwaka wa 610 hivi alimjia Mtume Muhammad (S.A.W.) akamwamuru asome, na kwa mujibu wa hadithi ya Bi Aisha alimkumbatia na kumbana mara tatu mpaka akachoka kabisa. Mtume alirudi kwa Bi Khadija akitetemeka, akaomba afunikwe. Katika Qur'ani jina la Jibrili limetajwa mara tatu, mbili katika sura ya al-Baqara na moja katika at-Tahrim. Pengine anatajwa kwa sifa, kama vile Roho Mwaminifu.

Watu wengi humwita "malaika mkuu", na mapokeo ya Kanisa yanamwita hivyo, lakini Biblia yenyewe imempa cheo hicho kwa jina Mikaeli peke yake. Tarumbeta ya siku ya mwisho nayo huwekwa mkononi mwa Gabrieli katika nyimbo na michoro, ingawa hakuna mstari wa Biblia unaosema ni yake. Kwa Waislamu kazi hiyo ni ya Israfili.

Kuna swali linaloulizwa sana pwani: je, inafaa kumpa mtoto jina la malaika? Imamu Malik anatajwa miongoni mwa walioona karaha kuitwa Jibrili. Lakini Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tegemeo la Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, ameandika kwamba kauli ya wanazuoni walio wengi ni kuruhusu majina ya manabii na ya malaika. Wasomali wanalitumia sana, wakiliandika Jibriil, na Afrika Magharibi utawakuta kina Djibril kila mahali.

Kwa Wakatoliki jambo la kuangalia ni somo, yaani mtakatifu ambaye mtoto amepewa jina lake. Kuanzia 1921 sikukuu ya Gabrieli iliadhimishwa Machi 24, siku moja kabla ya sikukuu ya Maria kupashwa habari. Marekebisho ya kalenda ya 1969 yakamweka pamoja na Mikaeli na Rafaeli, Septemba 29. Hata hivyo si kila Gabrieli somo wake ni malaika. Yupo Mtakatifu Gabrieli wa Mama wa Mateso, kijana wa Italia aliyefariki 1862 akiwa na miaka 23, ambaye siku yake ni Februari 27. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo huenda amepewa jina la huyo. Na kwa vile kazi ya malaika ni kupeleka habari, Papa Pius XII alimtangaza malaika Gabrieli mwaka 1951 kuwa msimamizi wa mawasiliano ya simu na redio. Mafundi wa minara wana mtakatifu wao.

Leo jina limeenea sana. Ufaransa limeshika nafasi ya kwanza kwa watoto wa kiume zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, na Gabriel Attal alipopewa uwaziri mkuu Januari 2024 alikuwa na miaka 34, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Brazili ni nyumbani kwake hasa: mashabiki wa Arsenal wameshangilia kina Gabriel watatu kutoka nchi hiyo katika kikosi kimoja, Jesus, Martinelli na Magalhães. Kolombia ilimtoa García Márquez, aliyepata Nobel ya fasihi 1982. Kwetu tuna Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Ukerewe, na mwanamuziki Gabriel Omolo wa Kenya. Na yule kijana Mserbia aliyempiga risasi mrithi wa kiti cha Austria huko Sarajevo mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikafuata, aliitwa Gavrilo.

Wahungari husema Gábor, Waturuki Cebrail. Gabriele kwa Waitaliano ni mwanamume, kwa Wajerumani ni mwanamke. Hapa kwetu mtaani atakuwa Gabu au Gabi, kwenye Biblia ni Gabrieli, na kwenye cheti cha kuzaliwa mara nyingi huandikwa Gabriel bila i ya mwisho. Chagua moja kabla ya kwenda kumsajili mtoto, kisha cheti cha ubatizo, cha shule na kitambulisho vifuate hiyo hiyo, kwa sababu herufi moja ikipishana itakupeleka kwa wakili kula kiapo.