Manowari ya Pegasus: ilizama Zanzibar, mizinga yake ikaendelea na vita

Ukiuliza Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa wapi Afrika Mashariki, wengi watakutajia Tanga au Taveta. Bandari ya Zanzibar husahaulika. Sisi tunaotunza kumbukumbu za pwani hii jambo hilo linatuuma, kwa sababu mabaharia zaidi ya 30 walikufa pale asubuhi moja, mbele ya macho ya watu wa mji.

HMS Pegasus ilikuwa manowari ndogo ya Uingereza yenye uzito wa tani zipatazo 2,100. Ilishushwa majini mwaka 1897 na ilibeba mizinga minane ya inchi 4. Vita vilipoanza Agosti 1914 ilikuwa tayari imezeeka. Ilishiriki kuishambulia pwani ya Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani, lakini mitambo yake ilikuwa imechoka, na mwezi Septemba Nahodha John Ingles aliitia nanga Zanzibar ili ifanyiwe matengenezo. Hapo ndipo hatari ilipoanzia: mitambo ikishafunguliwa na moto kuzimwa, meli haiwezi kung'oa nanga hata ikimwona adui anakuja.

Na adui alikuwa karibu. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Nahodha Max Looff, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Jumapili ya tarehe 20 Septemba, mnamo saa 11 na robo alfajiri, ilitokeza nje ya bandari na kuanza kufyatua makombora kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 8. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yaliangukia baharini kabla ya kumfikia adui. Watu hudhani Wajerumani walikuwa na mizinga mikubwa zaidi. Sivyo. Mdomo wa mzinga wa Pegasus ulikuwa na upana wa milimita 102, na ule wa Königsberg milimita 105. Tofauti hiyo hata jicho haliioni. Wajerumani walizidi kwa sababu mizinga yao ilikuwa ya muundo mpya na ilipiga mbali zaidi. Nusu saa haikutimia, Pegasus ikawa imenyamazishwa. Alasiri ya siku hiyohiyo ilizama.

Baadhi ya waliokufa wamezikwa katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani, kando ya mji.

Waingereza hawakukubali mizinga ipotee na meli. Waliiopoa kutoka baharini, na baadhi yake ikawekwa juu ya magurudumu ili itumike nchi kavu. Königsberg nayo ilinaswa Rufiji na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915, na Wajerumani wakafanya vilevile: wakaiopoa mizinga yao yote kumi, wakaiundia magurudumu Dar es Salaam. Ndiyo maana mwaka 1916 mizinga ya manowari hizi mbili ilikutana tena Kondoa Irangi, mamia ya kilomita kutoka baharini. Njia za kuifikisha huko zilikuwa za tope na vumbi, na kazi hiyo iliwaelemea wapagazi wa Kiafrika. Maelfu yao walikufa katika vita hivyo kwa maradhi na njaa, na wengi hawana kaburi lenye jina. Mtu akikusimulia habari za mizinga hii bila kuwataja wapagazi, amekupa nusu ya habari.

Leo mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg vipo Fort Jesus, Mombasa, na yeyote anaweza kuvilinganisha kwa macho yake. Meli yenyewe iliuzwa mwaka 1955 kama chuma chakavu, ila sehemu ya mabaki yake ingali chini ya bahari nje ya Mji Mkongwe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi kuwa urithi, na Pegasus ilifikisha umri huo mwaka 2014. Kwa hiyo wazamiaji na wavuvi tunawaomba: kipande cha shaba, ganda la kombora au kitu kingine chochote mtakachokiona pale, msikichomoe. Kiacheni kilipo, kisha mtoe taarifa kwa maofisa wa mambo ya kale. Kombora la zamani linaweza kulipuka hata sasa.