Uvimbe wa Mfupa: Soma Ukingo Wake

Mama mmoja kutoka upande wa Busia aliingia kwenye idara yetu ya picha na kijana wake wa miaka 14, mkononi ana eksirei iliyokunjwa mara nne ndani ya kavera. Juu kidogo ya goti la kijana palikuwa na kinundu kigumu. "Daktari, aligongwa kwenye mpira," akasema. "Jirani amemkanda wiki tatu, hakishuki." Nilipoibandika ile picha kwenye kisanduku cha taa, mkunjo ulikuwa umepita palepale nilipotaka kuona. Tukapiga upya, moja ya mbele na moja ya ubavuni.

Habari ya mpira naisikia karibu kila wiki. Pigo halizai saratani ya mfupa. Linamfanya tu mtu aliangalie goti ambalo hakuwa akiliangalia. Kukanda ndiko kunakonikera, maana uvimbe usiojulikana haukandwi.

Wengi hudhani mashine ya bei kubwa ndiyo inayojua zaidi. Kwa uvimbe wa mfupa, eksirei ya kawaida ndiyo hutangulia, na kuhusu aina ya uvimbe mara nyingi inatuambia mengi kuliko MRI, ile mashine ya sumaku. Tunachokisoma hasa ni kasi. Mfupa ni kitu hai. Ukivamiwa polepole hupata muda wa kujijengea ukuta. Uvimbe usio wa saratani kwa kawaida hukua taratibu, basi pembeni yake utaona mstari mweupe, mwembamba, kama umezungushiwa kalamu. Saratani haiusubiri mfupa ujenge. Ukingo wake hufifia, mfupa huonekana kama ubao ulioingiwa na mchwa, na ukiulizwa ugonjwa umeishia wapi, kidole kinatangatanga.

Kuna pia utando unaoufunika mfupa kwa nje. Ukisukumwa polepole hutandaza tabaka moja nene, lililotulia. Ukisukumwa kwa haraka hutandaza matabaka membamba kama maganda ya kitunguu, au hutoa nyuzi za mfupa zinazochomoza kama miali ya jua. Nikiiona miali hiyo karibu na goti la mtoto anayebalehe, nampigia simu daktari wa mifupa kwanza, ripoti naiandika baadaye. Osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 10 na 20, na goti ndiyo makao yake makuu; bega hufuata. Kwa aliyevuka miaka 40 nawaza kwanza saratani iliyosafiri kutoka titi au tezi dume, au mayeloma, saratani inayoanzia kwenye uboho.

Taya ina habari yake, na habari hiyo ni ya kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto wa Uganda waliovimba taya. Kwenye picha ya ugonjwa huo, ule mstari mweupe unaozunguka mizizi ya meno hupotea, na meno hulegea. Mfupa umeliwa, lakini asili yake ni saratani ya chembe za kinga, na hutibiwa kwa dawa za saratani, si kwa kukata taya.

Picha nayo hudanganya. Usaha ndani ya mfupa huula kwa kasi na kuleta maganda yaleyale ya kitunguu. Kwa mtoto mwenye selimundu, na hapa Uganda ni wengi, nauwaza kabla ya saratani. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye mifupa. Kinyume chake, upo uvimbe wa chembe kubwa, ambao si saratani lakini hutafuna mfupa hadi ukingoni mwa kiungo. Ndiyo maana kwenye ripoti utakuta "mkali" au "mpole" kabla hujakuta neno saratani. Tena mfupa hupoteza karibu theluthi ya madini yake kabla eksirei haijaonyesha kitu, kwa hiyo maumivu yanayomwamsha mtoto usiku yasifungiwe faili kwa sababu picha ya kwanza ilikuwa safi.

MRI huja kuonyesha uvimbe umeenea wapi ndani ya uboho na misuli, na ni vizuri itangulie sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe, maana sindano humwaga damu na kuichafua picha. CT ya kifua, eksirei inayopiga mwili vipande vipande, hutafuta mbegu zilizokimbilia mapafuni. Jibu la mwisho hutoka kwenye kipande kinachopimwa maabara, na kichukuliwe kwa mpango wa daktari atakayefanya upasuaji, kwa kuwa njia iliyopita sindano huenda ikabidi iondolewe pamoja na uvimbe.

Kinundu cha kijana wetu kilikuwa osteokondroma, chipukizi la mfupa lenye kofia ya gegedu. Gamba lake liliungana moja kwa moja na la mfupa wa paja, uboho ukipita ndani, ncha ikielekea mbali na goti. Si saratani. Nikamwambia mama: kikiendelea kukua hata baada ya yeye kumaliza kurefuka, au kikianza kuuma bila kugongwa, mrudi na picha zote, ya zamani na mpya.

Akaitikia, akaichukua picha mpya na kuanza kuikunja. Nikamkatia vipande viwili vya boksi la glavu, tukaiweka katikati.