Riba ya Benki Kuu imeshuka, mbona mkopo wako bado ghali?

Julai 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na nikaanza kuulizwa swali lilelile: mbona benki bado zinakopesha kwa asilimia 15 hivi? Mimi niko idara ya hazina ya benki ya biashara, kazi yangu ni kutafuta fedha kabla wenzangu hawajazikopesha. Jibu langu huanzia kwenye amana, yaani fedha ambazo wateja wanaziweka benki.

Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kutumika Januari 2024, inaongoza soko la benki kukopeshana zenyewe kwa siku chache. Huko tunaziba mapengo tu. Fedha nyingi zinatoka kwa wateja, na wateja hawafanani. Mshahara wa mwalimu unaopumzika kwenye akaunti hautudai riba. Akiba za kawaida hulipwa karibu asilimia 3, na mwenyewe wala hapigi simu kuulizia. Hizo hazitikisiki hata Benki Kuu ifanye nini, ingawa matawi na mawakala wa kuzikusanya wana gharama zao.

Halafu kuna wakubwa: mifuko ya pensheni, bima, taasisi. Mhasibu wao anaandikia benki tatu asubuhi, na kufikia mchana anajua nani anatoa ngapi. Tuseme ameleta shilingi bilioni 1 za mwaka mmoja kwa asilimia 9. Nitamlipa milioni 90. Lakini asilimia 6 ya amana hiyo inabidi ikae Benki Kuu bila riba, kwa hiyo ninazoweza kukopesha ni milioni 940. Gharama imeshafika karibu asilimia 9.6, na bado sijagusa mishahara wala mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati. Ukiniomba mkopo kwa 10, unaniomba sadaka.

Wachumi husema mkopo ndio unaozaa amana, na ni kweli: nikikukopesha milioni 50, naandika tu kwenye akaunti yako. Ila hukukopa ili uziangalie. Kesho unamlipa muuza mabati wa benki nyingine, malipo yanapita TISS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo kati ya benki, na akaunti yangu kule Benki Kuu inapungua milioni 50. Hapo ndipo namtafuta yule mhasibu.

Tuliliona hili waziwazi 2016, Serikali ilipoagiza fedha za mashirika ya umma zihamishiwe Benki Kuu. Hoja yake ilikuwa na mashiko: benki zilikuwa zinakaa na fedha za umma kwa bei ya kutupa, kisha zinaikopesha Serikali hiyohiyo kupitia hatifungani. Lakini ukwasi, yaani fedha ambazo benki inaweza kuzitumia mara moja, ulikauka. Mikopo kwa sekta binafsi, iliyokuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2015, mwishoni mwa 2017 ilikua kwa chini ya asilimia 3. Mikopo chechefu nayo ilichangia, maana benki ziliingiwa woga. Benki Kuu ilipunguza amana za lazima, ile sehemu inayokaa kwake bila riba, kutoka asilimia 10 hadi 8 mwaka 2017, ikashusha na riba yake ya wakati huo ya kukopesha benki kutoka 16 hadi 12, kisha 9. Wakopaji waliona nafuu kidogo sana.

Benki zinapochapisha hesabu za robo mwaka magazetini, wengi hukimbilia faida. Mimi natazama kwanza gharama za riba kama sehemu ya mapato ya riba. Zinapokula nusu, benki hiyo inaishi kwa amana za wakubwa, na usitarajie ikushushie riba kabla mikataba yao haijaisha.