Gemu inatoka kwa jirani, uhakika unatoka kwa mwenyewe

Jumamosi iliyopita, kijana mwenye chumba cha gemu pale mtaa wa Umoja aliniuliza swali ambalo natamani kila mchezaji angeuliza. Alikuwa anapakua gemu ya gigabaiti 60, akaona data inatoka kwa seva iliyo hapa hapa Nairobi. "Kaka, hawa si wenye gemu. Nitajuaje hawajatia virusi?"

Seva za aina hiyo ndizo ninazotunza. Nakala ya gemu huwekwa kwenye seva nyingi duniani ili kila mtu achote karibu na kwake, badala ya Umoja nzima kuvuta gigabaiti zile zile kupitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa. Sisi wa zamani tunajua thamani ya ujirani huo: kabla ya KIXP, kituo ambapo kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data, kuanza kazi, hata barua pepe ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ilizungushwa ng'ambo kwa setilaiti.

Lakini mwenye gemu hatuamini sisi wenye seva hivi hivi, na ni haki yake. Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwa mfano, huikata gemu vipande vya takriban megabaiti 1. Kila kipande hupigiwa hesabu inayotoa alama yake, na orodha ya alama hizo hutoka kwa mwenyewe. Kompyuta yako hurudia hesabu. Alama isipolingana, kipande hutupwa.

Nilimwonyesha kwa macho. Niliandika "Umoja" kwenye faili, nikaipitisha kwenye sha256sum, programu inayopiga hesabu ya aina hiyo, ukatoka mstari wa tarakimu na herufi 64. Nikabadilisha U kubwa ikawa ndogo. Mstari mzima ukawa mwingine! Akanyamaza, kisha akatoa kwenye droo flashi ya gemu aliyouziwa mjini. "Na hii?" Hiyo haina orodha ya kuilinganisha nayo, na programu ya kukagua imeondolewa na aliyevunja kinga ya gemu. Nilimsihi asiichomeke kwenye mashine ambayo wateja wanaandikia nywila zao.

Tukiwa bado tunaongea, stima ikapotea. Iliporudi, aliona gigabaiti 43 zimo tayari, akataka kufuta aanze upya. Nikamshika mkono. Programu ilikagua alama moja moja, ikakuta vipande vitatu vimeharibika, ikaviomba hivyo vitatu tu, kisha ikaendelea pale ilipokuwa imeishia.